Tumbo linajaa gesi kila jioni: nifanye nini nyumbani?

Swali

“Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni mama wa miaka 41, naishi Tanga, nina duka la vitambaa. Kwa miezi kadhaa sasa tumbo langu linajaa gesi. Asubuhi naamka liko sawa, ikifika saa nane mchana linaanza kuvuta, na usiku limekaza kama ngoma mpaka watu wananiuliza kama nina mimba. Sina. Saa mbili asubuhi nakunywa chai ya maziwa kwa chapati na maharage ya nazi. Mchana nikiwa dukani mara nyingi ni soda na kitafunwa. Usiku ndiyo nakula vizuri, kwenye saa tatu hivi, wateja wakiisha, kisha nalala. Choo napata baada ya siku mbili au tatu. Nimekunywa maji ya limao na magadi, jirani ananishauri sanamaki ili nisafishe tumbo, na duka la dawa wamenipa omeprazole, dawa ya kupunguza tindikali, wakisema ni vidonda. Naomba kujua naweza kufanya nini nyumbani kwa njia za asili.”

Jibu

Nzuri, dada yangu, na pole sana. Katika maelezo yako kuna kitu ambacho wengi wanaoniuliza kuhusu gesi hukisahau, nacho ni saa. Umesema asubuhi tumbo liko sawa, saa nane linaanza, usiku limekaza. Hapo umeshanipa nusu ya jibu. Mtu akijaa gesi, mawazo yake yote huenda kwenye cha kunywa: tangawizi, limao, magadi, mizizi aliyoelekezwa na fulani. Mimi nakuomba, kabla hujachemsha chochote, ujue kwanza gesi yako inatoka wapi, maana kila chanzo kina njia yake ya kukituliza, na saa ya tumbo kujaa ndiyo inayokionyesha.

Gesi ya tumboni hupatikana kwa njia kuu mbili. Ya kwanza ni mdomo. Tunameza hewa tunapokula haraka, tunapoongea huku tunatafuna, tunapotafuna bablishi, na tunapokunywa soda tunameza gesi yenyewe ikiwa tayari. Hii hukaa juu, ndani ya mfuko wa tumbo, na hujitangaza mapema, ndani ya nusu saa hivi baada ya kula, kwa kucheua. Njia ya pili ni utumbo mpana. Huko wanaishi bakteria wengi mno, na kazi yao mojawapo ni kuchachusha chakula ambacho utumbo mwembamba umeshindwa kukimeng'enya. Wakikichachusha hutoa haidrojeni na kaboni dayoksaidi, na kwa baadhi ya watu methani. Chakula kutoka mdomoni hadi huko huchukua kama saa nne hadi sita, wakati mwingine zaidi. Gesi ya huko haitoki kwa kucheua, hutoka chini. Na hapa niseme wazi kwa sababu watu huona haya: mtu mzima mwenye afya hutoa hewa chini mara 10 hadi 20 kwa siku, na hiyo ni kazi ya kawaida ya mwili. Taabu huanza hewa inapozalishwa kwa wingi, inapozuiliwa kutoka, au utumbo unapoihisi kupita kiasi.

Sasa tuitazame siku yako. Unakula maharage, chapati na chai ya maziwa saa mbili asubuhi. Hesabu saa sita mbele: saa nane mchana. Ndiyo saa tumbo linapoanza kuvuta. Sahani yako ya asubuhi imebeba karibu vyote vinavyopendwa na bakteria wa utumbo mpana kwa mkupuo mmoja, yaani maharage, ngano, maziwa, na vitunguu vilivyoungia mchuzi. Juu yake unaongeza soda mchana. Choo chako kinakaa siku mbili au tatu, kwa hiyo njia ya kutokea imebanwa. Kisha saa tatu usiku unaleta mlo mkubwa kuliko yote na kwenda kulala nao. Kwa maelezo haya chanzo chako kikubwa kipo chini, si juu, na ndiyo maana limao na magadi havijakusaidia.

Nianze na cha kufanya leo jioni, maana najua hutaki kusubiri wiki mbili ili upumue. Tumbo likikaza, usijilaze. Tembea taratibu dakika kumi hadi kumi na tano, hata kama ni kuzunguka uani. Kutembea huusukuma utumbo uisogeze gesi, na mtu aliyesimama huitoa haraka kuliko aliyelala chali. Ukirudi ndani, piga magoti kwenye mkeka, inama mpaka paji la uso liguse chini, makalio yakibaki juu, ukae hivyo dakika chache. Au ulale kwa mgongo uyavute magoti yote mawili hadi kifuani. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwenye kanga, ikiwekwa juu ya kitovu, hulegeza misuli na kupunguza mikakamao. Na hewa ikitaka kutoka, nenda chooni uitoe. Wanawake wanaokaa dukani au ofisini siku nzima hujizuia kwa saa nyingi, halafu wanashangaa jioni tumbo limekuwa gumu.

Tangawizi nayo ina kazi yake, ila uijue ni ipi. Inasaidia mfuko wa tumbo kumwaga chakula kwenda utumbo mwembamba kwa haraka zaidi, kwa hiyo inamfaa mtu anayehisi chakula kimesimama hapa juu, aliyekula kidogo na kushiba kupita kiasi. Chukua kipande kinacholingana na ncha ya kidole gumba, kiponde, kichemshe kwa dakika kumi, unywe bila maziwa. Bizari nyembamba na shamari huelekea upande mwingine: mafuta yake hulegeza misuli ya utumbo, maumivu ya kukaba yakapungua. Kijiko kimoja cha chai kwenye kikombe cha maji ya moto, funika dakika kumi, chuja. Nanaa hufanya hivyohivyo, tena mafuta yake ndiyo yaliyochunguzwa zaidi hospitalini kwa watu wenye utumbo unaosumbua, lakini kama una kiungulia uiache, kwa sababu hulegeza pia mlango wa juu wa tumbo na tindikali ikapanda. Anayemeza dawa za kuzuia damu kuganda, kama warfarin, asinywe tangawizi nyingi kila siku bila kumwambia daktari wake. Vinywaji hivi vyote vinatuliza. Hakuna hata kimoja kinachozuia gesi isitengenezwe kesho, na ya kesho huanzia kwenye sufuria.

Maharage, basi. Sitaki uyaache. Ni chakula kizuri, cha bei nafuu, chenye protini na nyuzi ambazo choo chako kinazihitaji. Shida yake ni sukari mbili tatu, rafinosi na stakiosi zikiwa ndizo kubwa, ambazo mwili wa binadamu hauna kimeng'enya cha kuzivunja. Hakuna mtu aliyenacho, awe wa Tanga au wa Bukoba. Zinapita nzimanzima mpaka kwa bakteria. Bahati nzuri sukari hizo huyeyuka kwenye maji, na hapo ndipo mpishi ana nguvu kuliko mfamasia.

Chambua maharage yako mchana, yaoshe, uyaloweke jioni kwenye maji mengi, angalau mara tatu ya ujazo wake. Kwa joto la Tanga, usiku wenyewe ukiwa mkali, yabadilishie maji kabla hujalala. Asubuhi utakuta yamevimba, maganda yamenyooka, maji yamepata rangi na juu kuna vipovu vidogo. Hayo maji ndiyo yenye sehemu ya gesi yako; yamwage yote. Suuza, weka maji mapya, chemsha. Kama tumbo lako ni jepesi sana, yakishatokota dakika kumi mwaga na hayo pia, uanze na maji mapya ya moto. Utapoteza vitamini kiasi, ila kwa wiki hizi za mwanzo ni hasara inayovumilika. Yapike mpaka ukibonyeza moja kati ya vidole lipondeke bila ubishi. Maharage mekundu yasiyoiva yana sumu ya asili inayotapisha na kuharisha, na dawa yake ni kuchemka kwelikweli. Moto mdogo wa kuyapasha tu hautoshi.

Watu wengi huweka magadi ili maharage yaive upesi. Yanaiva, ni kweli, na mkaa unaokolewa. Lakini magadi huharibu vitamini B1, huongeza chumvichumvi ya sodiamu ambayo mwenye presha haihitaji, na magadi mengi ya Bonde la Ufa yana floraidi inayoharibu meno ya watoto. Maharage yaliyolowekwa usiku kucha hayahitaji magadi.

Halafu punguza kiasi. Anza na vijiko vinne vya kulia chakula kwa mlo, uongeze taratibu. Bakteria nao huzoea. Watu wengi wanaokula maharage kidogo kidogo kila siku huona gesi ikipungua ndani ya wiki tatu au nne. Anayekaa mwezi mzima bila kuyagusa, kisha akala sahani ya kufurika siku ya msiba au harusi, huyo lazima ateseke. Choroko na dengu za kukoboa kwa kawaida ni nyepesi kuliko maharage makubwa, na unaweza kupumzikia hapo. Kuhusu nazi, tui lenyewe halina kosa kubwa, ila tui la kwanza lina mafuta mengi, na mafuta hukichelewesha chakula kutoka kwenye mfuko wa tumbo. Pikia tui la pili, utie la kwanza kidogo mwishoni kwa ladha.

Maziwa ni suala jingine. Baada ya utoto, watu wengi duniani, na wengi wetu Afrika Mashariki, hupunguza kimeng'enya cha kuvunja laktosi, sukari ya maziwa. Jamii za wafugaji ni tofauti: utafiti uliochapishwa mwaka 2007, uliofanywa Tanzania, Kenya na Sudan, ulionyesha kwamba wengi wao wana badiliko la kurithi linalowaruhusu kunywa maziwa mpaka uzeeni. Kwa hiyo shangazi yako wa Handeni aliyeolewa na Mmasai asikuambie maziwa hayana neno kwa kuwa mumewe anakunywa kibuyu kizima. Jipime mwenyewe. Siku kumi kunywa chai ya rangi, yenye mdalasini na iliki ukipenda. Siku ya kumi na moja kunywa glasi moja ya maziwa peke yake, tumbo likiwa tupu, uangalie saa mbili hadi nne zinazofuata. Likijaa na kuunguruma, umejua. Hata hivyo hutalazimika kuyaaga kabisa, kwa kuwa wengi wenye hali hiyo huvumilia kikombe kimoja kikinywewa pamoja na chakula, na mtindi huwa rafiki zaidi kwa sababu bakteria wake wameshakula sehemu ya laktosi na wanaendelea kuivunja humo tumboni.

Chapati, mandazi na mkate vina fruktani za ngano, aina nyingine ya sukari ambayo hatuwezi kuimeng'enya, na vitunguu maji na vitunguu saumu vinazo nyingi zaidi. Kwako wewe uliye pwani njia ya kuzikwepa ni nyepesi: vitumbua na mkate wa kumimina vinatengenezwa kwa mchele. Kipo pia kiazi cha kuchemsha, uji wa mtama au ulezi, ndizi za kupika. Ugali wa mahindi na wali hausumbui wengi. Kitunguu kina hila yake. Fruktani huyeyuka kwenye maji, haziyeyuki kwenye mafuta. Kikate vipande vikubwa, kikaange kwenye mafuta matupu mpaka kinukie, kitoe chote, ndipo utie nyanya na maji. Harufu na ladha hubaki kwenye mafuta, fruktani zimeondoka na vipande. Ukitia maji kabla hujakitoa, umeharibu.

Matunda ya kuangalia ni embe na tikiti, yenye sukari ya fruktosi kupita uwezo wa matumbo mengi, hasa msimu wa embe ambapo mtu hakai na moja. Machungwa ya Muheza, papai na nanasi huwa shwari. Kabichi ipunguze kwa sasa. Mchicha na sukuma wiki endelea.

Mpango huu wa kuondoa vyakula vinavyochachuka na kuvirudisha kimoja kimoja ulisanifiwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Monash, Melbourne, na sehemu inayosahaulika ni kurudisha. Usivifungie vyakula hivi maisha. Wiki mbili hadi sita zinatosha. Ukiona nafuu, rudisha kimoja kwa siku tatu, andika saa tumbo lilipojaa, ndipo uende kingine. Nimeona wanawake waliojikatalia vyakula mpaka wakabaki na wali na samaki tu, wamekonda, na gesi bado wanayo kwa sababu chanzo chao kilikuwa choo.

Ndiyo, choo. Kwako naliona hili kuwa zito sawa na maharage. Choo kikikaa utumboni siku tatu, bakteria wanaendelea kukichachusha, na gesi inayotengenezwa nyuma yake inakosa pa kupita. Utumbo una tabia ya kuamka baada ya mlo wa kwanza wa siku. Ule mvuto unaokuja nusu saa baada ya chai ndio wakati wake, nawe wakati huo uko njiani kwenda kufungua duka, unaupuuza. Amka mapema kidogo. Kunywa maji ya uvuguvugu, kula, kaa nyumbani, nenda chooni hata kama huhisi sana, dakika tano bila kujikamua. Choo cha kuchuchumaa ni bora kwa kazi hii. Kama chako ni cha kukaa, weka kigoda chini ya miguu ili magoti yapande juu ya nyonga. Kunywa maji kwa siku nzima, kwa joto lenu lita mbili si nyingi, na kipande kikubwa cha papai kila siku. Ikiwa bado kinagoma, iko isabgol, yale maganda laini ya mbegu yanayouzwa maduka ya dawa na baadhi ya maduka ya viungo. Kijiko cha chai kwenye glasi kamili ya maji, unywe papo hapo kabla halijawa zito, ufuatishe glasi nyingine. Anza hivyo kwa wiki ndipo uongeze, kwa maana nyuzi zikija ghafla na nyingi huongeza gesi. Pumba za ngano usizitumie kwa sasa. Na kama unameza vidonge vya madini ya chuma, vinaweza kuwa ndivyo vinavyofunga choo, uliza.

Soda nitaipita haraka. Chupa ya mililita 350 imebanwa ndani yake zaidi ya lita moja ya gesi. Ile raha ya kucheua baada ya kunywa ni gesi ya soda yenyewe inarudi, si ile ya maharage. Mchana kula mlo wa kweli, hata kama ni wali na samaki kwenye chombo ulichotoka nacho nyumbani, usiku ule kidogo na mapema, saa mbili au tatu kabla ya kulala. Najua wateja hawaishi mapema. Kula hapohapo dukani saa moja kuliko nyumbani saa tatu.

Kuna jambo moja ambalo halitajwi sana na linawahusu watu wa aina yako, ambao tumbo lao hukua kuanzia mchana na kushuka wakiwa wamelala. Watafiti wa Barcelona waliwapiga wagonjwa wa namna hii picha za CT tumbo likiwa sawa na likiwa limejaa. Kwa wengi, gesi iliongezeka kidogo tu. Kilichobadilika ni misuli: kiwambo, ule msuli mpana ulio chini ya mapafu, kilishuka chini, na misuli ya mbele ya tumbo ikalegea, kwa hiyo kila kilichomo kikasukumwa mbele. Mwili umejifunza kuipokea gesi kidogo kwa namna isiyofaa, na unaweza kufundishwa upya. Keti kwenye kiti, mkono mmoja kifuani, mwingine chini ya kitovu. Toa pumzi kwa mdomo polepole, ndefu, mpaka mkono wa chini uingie ndani wenyewe. Kisha vuta kwa pua bila kuinua mabega. Mkono wa kifuani utulie. Pumzi ya kutoka iwe ndefu mara mbili ya ya kuingia. Dakika tano baada ya kila mlo. Siku za kwanza utaona mkono wa juu ndio unaocheza, hasa ukiwa na mawazo ya biashara, endelea. Na kama unavaa mkanda wa kubana tumbo ili watu wasiulize, uvue. Unasukuma tindikali juu na kukupa kiungulia.

Sasa yale uliyoshauriwa. Magadi na limao vikikutana kwenye glasi hutoa mapovu, na mapovu hayo ni kaboni dayoksaidi. Unakunywa gesi, unaicheua, unahisi nafuu ya dakika tano. Kijiko kimoja cha chai cha soda ya kuokea, iliyo jamii moja na magadi, kina sodiamu kama miligramu 1,260, wakati Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe 2,000 kwa siku nzima kutoka vyakula vyote. Mwenye presha, ugonjwa wa moyo au wa figo, na mjamzito wasiguse. Na kunywa magadi mengi tumbo likiwa limeshiba kumewahi kupasua mfuko wa tumbo. Ni nadra, ila imetokea.

Sanamaki inafungua choo, hilo ni kweli, hata hospitali wanayo. Ni dawa ya siku mbili tatu choo kikigoma kabisa, si ya kusafisha tumbo kila wiki. Inakaba, inaharisha, inapoteza maji na potasiamu. Hakuna uchafu uliogandamana utumboni unaosubiri kusafishwa. Kwa sababu hiyohiyo usikubali kupigwa bomba la dawa za majani, wala mtoto asipigwe. Mkaa wa kusaga nao hunyonya dawa nyingine unazomeza, ukakosa kinga ya presha au ya uzazi wa mpango bila kujua.

Yote niliyosema ni kwa tumbo linaloshuka asubuhi. Saa inatumika hapa pia. Tumbo ambalo linaamka kubwa, siku baada ya siku, na nguo zinaendelea kubana, si la jikoni. Kwa umri wako linaweza kuwa uvimbe kwenye kizazi au kwenye ovari. Linaweza kuwa maji kutokana na ini, na wasomaji wa Kanda ya Ziwa wakumbuke kichocho cha utumbo kinavyoharibu ini kimyakimya. Nenda pia upesi ukiona unakonda bila kutaka, choo chenye damu au cheusi kama lami, homa, macho ya njano, kutapika kusikokoma, kushiba kwa matonge mawili, au kama tatizo limeanza ukiwa umevuka miaka 50. Na tumbo likivimba ghafla kwa maumivu makali, choo hakitoki na hewa haitoki, hiyo ni dharura ya saa hiyohiyo, usiku au mchana: utumbo unaweza kuwa umejisokota, nao hunyooshwa na daktari, haunyooshwi na tangawizi.

Nimalizie na omeprazole. Vidonda vya tumbo kwa kawaida huuma au kuunguza hapa juu, chini ya chembe ya moyo, wala maelezo yako hayafanani sana na hivyo. Duka la dawa halikupima, lilikisia. Kwa kuwa bakteria wa H. pylori, wanaosababisha vidonda vingi vya tumbo, ni wengi katika nchi zetu, ni haki yako kupimwa, lakini omba kipimo cha choo au cha pumzi. Kile cha damu kinaweza kuonyesha wapo hata kama ulishatibiwa zamani. Kabla ya kupima, omeprazole isimame wiki mbili na antibayotiki wiki nne, la sivyo majibu yanaweza kudanganya kwamba huna. Ila kama ulipewa omeprazole kwa sababu ya kidonda kilichovuja damu, au unameza aspirini kila siku, usiisimamishe mwenyewe, ongea na daktari kwanza. Wakionekana, matibabu ya kawaida ni siku 14, dawa tatu au nne kwa pamoja. Umeze zote hata tumbo likitulia siku ya tano, na upimwe tena angalau wiki nne baada ya kumaliza dozi.